Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Darasa: Gaweni na Kazi ya Kukumbuka

Wazazi na walezi wapendwa,

Nawasalimu kwa heshima. Shule nimeijua kama mwalimu, kisha kama mzazi, na sasa kama babu ambaye mjukuu wake anasoma pamoja na watoto wenu. Kwa hiyo naomba mnivumilie nikilieleza kwa kirefu jambo ambalo wengi wenu hulisema kwa manung'uniko mafupi mnapoagana langoni.

Darasa lina wazazi wengi, lakini kazi zake za kujitolea zimewaangukia watu watatu au wanne. Hao ndio wanaosindikiza watoto kwenye ziara, wanaokusanya michango, wanaopamba ukumbi siku ya kufunga muhula na wanaobaki kupanga viti baada ya wengine kuondoka. Mwaka ukifika katikati, hao huwa wamechoka na wameanza kuwaona wenzao kuwa wavivu, ilhali wenzao nao wanaamini kwamba kikundi kidogo kimejitwalia darasa na kwamba hata wakijitokeza hawatapewa la kufanya. Nimezisikiliza pande zote mbili, na kila upande una haki kwa kiasi fulani. Ninavyoona, kasoro iko zaidi katika namna kazi inavyoombwa na inavyogawiwa kuliko katika nia za watu.

Tuanze na kuomba. Ujumbe unatumwa katika kundi la simu: "Wapendwa, tunahitaji watu wa kutusaidia Ijumaa." Wazazi wote wanausoma, kila mmoja anadhani mwingine atajibu, na ikifika jioni anajibu yule yule wa siku zote. Hili halijaanza kwenu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu waliovuta kamba, akaonyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu aliyoitoa kila mmoja ilivyopungua kuliko alipovuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa mpigo mmoja. Hata hivyo, watafiti wa Marekani waliolichunguza suala hilo katika miaka ya 1970 na 1980 kwa kuwaambia watu wapige makofi na kelele waliona pia kwamba mtu hulegea anapojua kuwa mchango wake utapotea ndani ya kelele za wote, na kwamba ulegevu huo huondoka anapoamini kuwa sauti yake mwenyewe inapimwa.

Basi acheni kuliomba kundi, mwombeni mtu. Swali la "Mama Fulani, je, utaweza kusimama mlangoni Ijumaa kuanzia saa mbili hadi saa nne?" lina kazi, lina mtu na lina mwisho, na anayeulizwa anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Akisema hapana, ipokeeni bila kumdai maelezo, maana mtu aliyelazimishwa kueleza shida za nyumbani kwake hatajitokeza mara nyingine. Nimewaona wazazi waliokaa kimya mwaka mzima wakikubali siku ya kwanza walipoitwa kwa jina.

Kugawa ndiko kugumu zaidi. Kila kazi ya darasa ina sehemu ya mikono na sehemu ya kichwa. Katika ziara, sehemu ya mikono ni kupanda basi pamoja na watoto na kuwashika wasitawanyike barabarani. Sehemu ya kichwa ni kukumbuka kwamba tarehe inakaribia, kujua fomu za ruhusa za akina nani hazijarudi, kumfuatilia dereva, kufahamu ni mtoto gani anatumia dawa ya pumu na kama mwalimu amekabidhiwa dawa hiyo, kisha kuhakikisha kwamba idadi iliyopanda ndiyo iliyoshuka. Mwakilishi wa wazazi anapomwambia mmoja alete maji na mwingine aketi nyuma ya basi, huku mambo hayo mengine yote akiyashikilia yeye mwenyewe usiku na mchana, amegawa mikono tu. Kinachomchosha mtu hadi akajiuzulu ni kile kichwa, ambacho hakuna anayekiona wala kumshukuru kwacho.

Kwa sababu hiyo nashauri mgawane mambo mazima badala ya vipande vya kazi. Ziara ya muhula iwe ya wazazi wawili tangu siku mwalimu anapotaja tarehe hadi siku ya kutoa shukrani. Sherehe ya mwisho wa mwaka iwe ya wengine wawili. Vitabu vya kona ya kusomea navyo viwe na wenyewe. Nasema wawili kwa kuwa mmoja anaweza kuuguliwa na mtoto asubuhi ya siku yenyewe, na sisemi watano kwa kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila jambo liwekewe na mwisho wake. Watu wengi hukwepa dhamana ya darasa kwa kuhofia kwamba wakiipokea leo watazeeka nayo. Mkiwaambia kwamba ni ya muhula mmoja, na mkaheshimu neno hilo, mtashangaa ni wangapi watakaoipokea.

Hapo nina neno kwa ninyi mliozoea kubeba. Mkishakabidhi, kabidhini kweli. Mzazi mgeni akipanga sherehe yenye mapambo machache kuliko yenu ya mwaka jana, mwacheni. Watoto hawatahesabu maputo. Msipite nyuma yake mkirekebisha, wala msimpigie simu kila jioni kumuuliza amefikia wapi. Ninakiri kwamba ni vigumu kukaa kimya unapomwona mtu akisahau kitu ambacho wewe usingekisahau, lakini isipokuwa pale ambapo usalama wa mtoto unahusika, kusahau huko ndiko kutakakomfundisha kazi. Wapo watu wanaolalamika kwamba wanaachiwa kila kitu, ilhali ukijaribu kuwapokea mzigo hawauachii.

Sasa niseme juu ya wasioweza kufika. Yupo mzazi anayefanya kazi ya zamu, yupo anayelea watoto peke yake, yupo anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Mtafiti Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyezipanga njia za wazazi kushirikiana na shule katika aina sita, aliiweka kazi ya kujitolea kuwa moja tu kati ya hizo, na akasisitiza kwamba mtu wa kujitolea ni yeyote anayesaidia malengo ya shule na ujifunzaji wa watoto, mahali popote na wakati wowote, si lazima awe ndani ya jengo la shule wakati wa masomo. Kazi za namna hiyo ziko tele: kutunza daftari la hesabu, kushona mavazi ya igizo, kuandaa orodha za zamu, kumtafsiria taarifa mzazi asiyeimudu lugha ya shule, kuwapigia simu wasiosoma ujumbe. Ziandikeni katika orodha moja na zile za mchana, kwa hadhi ile ile, ili anayefanya kazi saa nne usiku naye ahesabiwe.

Najua baadhi yenu mmependekeza kwamba anayekosa zamu alipe faini. Nawasihi mlifikirie upya pendekezo hilo. Mwaka 2000, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti kuhusu vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini. Ucheleweshaji uliongezeka, na hata faini ilipoondolewa haukurudi ulikokuwa mwanzo. Wazazi walikuwa wakijitahidi kuwahi kwa kumwonea haya mlezi aliyebaki akiwasubiri. Haya hiyo ilipogeuzwa kuwa bei, waliilipa na kuendelea na shughuli zao. Darasani kwenu mambo yatakuwa mabaya zaidi, kwa sababu mwenye uwezo atanunua mapumziko yake na asiye nacho atabaki akifanya kazi kwa niaba ya wote.

Akina baba, kwenu nitakuwa mfupi. Kuhamisha meza ni msaada, lakini meza huhamishwa mara moja kwa muhula. Ombeni mpewe jambo zima, lenye fomu zake na simu zake.

Kuhusu fedha, zishikwe na watu wawili, zisichanganywe na fedha za mtu binafsi, kila matumizi yawe na risiti, na hesabu isomwe kila muhula hata kama hakuna aliyeiuliza. Majina ya ambao hawajachanga yasibandikwe katika kundi la simu.

Kabla ya kuanza lolote, mwulizeni mwalimu wa darasa anahitaji nini, kwani nimeshuhudia wazazi wakimletea mwalimu msaada uliomwongezea kazi. Kusahihisha mitihani na kuwaadhibu watoto si kazi ya mzazi wa kujitolea. Fuateni utaratibu wa shule kuhusu watu wanaoruhusiwa kukaa na watoto, na mtu mzima asibaki peke yake faragha na mtoto wa mwenzake. Mkiona darasani kwamba mtoto wa fulani hajui kusoma au amelia, hilo libaki huko huko. Mwalimu ndiye wa kuwaambia wazazi wake.

Mwakilishi wenu wa sasa anamaliza muda wake. Mwombeni, kabla ya likizo, akae na atakayempokea saa moja au mbili na kuandika yote aliyo nayo kichwani: namba ya dereva, mahali ufunguo wa ukumbi unapochukuliwa, tarehe ambayo fomu huanza kukusanywa, na ni mzazi gani aliyekwisha kuahidi nini. Daftari hilo liwe la darasa, likabidhiwe kila mwaka kwa anayefuata.

Wenu katika malezi,
Babu wa mmoja wa wanafunzi