Kwa Shangazi yangu Mbaptisti, kuhusu kanisa la Ikulu

Shangazi,

Shikamoo. Najua huko bara hamsalimiani hivyo, lakini miaka kumi na moja ya Mombasa imenizoesha, usinicheke.

Uliniuliza kwenye simu, ukakata kabla sijajibu: "Kanisa likijengwa Ikulu, wewe linakuuma wapi?" Kisha ukanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, nami nimeusikiliza mara mbili. Jibu langu limekuwa refu, na kwa vile najua mashangazi wenye swali hilo ni wengi, nimeliandika hapa hadharani. Jina lako sijalitaja.

Linaniuma pale pale palipokuuma wewe mwaka 2010.

Kura ya maoni ya katiba mpya ilikuwa tarehe 4 Agosti. Ulifunga kitambaa chekundu kichwani, rangi ya La, kambi ya walioipinga, ukazunguka kijiji kizima na ile nakala ya rasimu iliyogawiwa bure. Ulikuwa umekunja kurasa mbili: wa kifungu cha 8, kinachosema Kenya haitakuwa na dini ya taifa, na wa kifungu cha 170, kinachoweka Mahakama za Kadhi. Unaweka kidole huku, kidole kule, unawauliza watu, "Hivi vinakaaje nyumba moja?" Lilikuwa swali zuri. Mwezi Mei mwaka huo majaji wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa mwaka 2004, walikuwa wamekubaliana nawe kwamba mahakama hizo hazipatani na nchi isiyo na dini. Ndiyo iliposhinda kwa asilimia 67, ulikaa siku mbili huongei na mtu.

Na aliyekuwa mstari wa mbele wa kambi yenu ya La ni nani? William Ruto, aliyekuja kuwa Rais, wakati huo Waziri wa Elimu ya Juu.

Sasa rudi Julai 2025. Gazeti la Nation linachapisha michoro ya kanisa la watu 8,000 ndani ya uwanja wa Ikulu, Nairobi, gharama yake ikikadiriwa shilingi bilioni 1.2. Rais anajibu kwamba haombi radhi kwa kujenga kanisa, kwamba alikuta la mabati, na kwamba serikali haitatoa hata shilingi moja. Wewe unashangilia. Mimi nikatamani ningekuwa na ile nakala yako iliyokunjwa.

Unasema pesa ni zake. Haya, na ziwe zake. Ardhi je? Ikulu ni nyumba ya kupanga, Shangazi. Mpangaji huingia kwa miaka mitano, akibahatika kumi, na akitaka kuongeza chumba humwuliza mwenye nyumba kwanza. Nilipokuuliza kama rais ajaye akiwa Mwislamu naye ajenge msikiti wa watu 8,000 hapo kando, uliniambia hiyo itakuwa njama ya kusilimisha nchi. Ulisema haraka hivyo, bila kuvuta pumzi.

Kuhusu Makadhi nami nikukiri kitu. Mwaka 2010 nilipiga La pamoja nawe. Nilikuja kubadilika miaka kadhaa baadaye nikiwa nimekaa kwenye benchi. Mama mwenye nyumba wangu hapa Mombasa alifiwa na mume, wakaanza kuvutana na watoto juu ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Alitaka mtu wa kumshikia faili, nikaenda naye kwa Kadhi. Nilitarajia sijui nini, labda upanga ukutani. Nilikuta karani mwenye kikohozi, kalenda ya benki, na foleni ya wanawake wengi kuliko wanaume. Ilipofika zamu yetu, Kadhi aliwauliza mmoja mmoja: wewe ni Mwislamu? Unakubali kesi hii isikizwe hapa? Kijana wa mwisho alisita, na Kadhi akamngoja, akamweleza kwamba kama hataki, Mahakama Kuu ipo. Kijana akakubali. Mama akapewa thumuni yake, yaani sehemu moja kati ya nane, ndiyo haki ya mjane mwenye watoto, na vilivyobaki wakagawiwa watoto. Akatoka nje akanunua maji ya chupa, akanywa yote kwa mkupuo.

Ndoa, talaka, mirathi, na hali ya mtu binafsi, kwa Waislamu waliokubali wenyewe. Hapo ndipo mamlaka ya Kadhi yanapoishia. Tena hayakuanza na rasimu ya 2010. Mwaka 1895 Waingereza walipokodi ukanda wa maili kumi wa Pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, Makadhi walikuwapo tayari, na mwaka 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana kwamba ukanda ukijiunga na Kenya huru, mahakama hizo zitabaki. Wapwani waliingia Kenya na ahadi hiyo mkononi. Lakini mshahara wa Kadhi unatoka kwenye kodi yako na yangu, na hapo bado una hoja, sikunyang'anyi. Ninachokuomba ni kidole chako tu: kama kifungu cha 8 kilikutosha kumpinga Kadhi, kikutoshe pia kwa kanisa la Ikulu. Hatuwezi kukikunja na kukikunjua kwa kutazama nani anaabudu.

Kwenye ule ujumbe wa sauti kuna mahali ulipandisha sauti ukasema haya mambo ya kutenganisha dini na serikali yameletwa na wasiomjua Mungu. Hapo nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu walioyapigania hasa ni nyinyi. Mwezi Oktoba 1801 Wabaptisti wa Danbury, jimbo la Connecticut huko Marekani, walimwandikia Rais Thomas Jefferson. Kanisa rasmi la jimbo lao lilikuwa la Wakongregesheni, dhehebu jingine la Kikristo, na sheria iliwatoza watu kodi ya kulitunza. Mbaptisti aliyetaka kusamehewa ilibidi apeleke cheti cha kuthibitisha kwamba kweli anasali kwingine. Hebu fikiria, cheti cha kuwa Mbaptisti! Malalamiko yao yalikuwa kwamba uhuru wao wa kuabudu unahesabiwa kama fadhila ya wakubwa, wala si haki yao. Jefferson aliwajibu tarehe 1 Januari 1802, na ndani ya barua hiyo ndimo lilimo neno la ukuta kati ya kanisa na dola. Connecticut yenyewe haikuachana na kanisa lake rasmi hadi 1818. Kwa hiyo ukisikia mtu anautukana huo ukuta kanisani kwenu, mwambie anatukana babu zenu wa imani.

La sadaka za wanasiasa sitalirefusha, maana tumeshagombana sana juu yake. Kwa Wakatoliki, mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais uliotolewa kanisani Soweto, Kayole. Mwezi Machi 2025 kanisa jingine, Roysambu, likaahidiwa milioni 20, na Jumapili iliyofuata vijana wakawa nje wanaandamana. Wewe uliniambia vijana hawana adabu.

Lakini wewe na mimi tuliiona hii kitu kwa macho yetu, Shangazi, kanisani kwenu, Julai 2022. Wiki nzima ulikuwa ukiniambia mchungaji ataihubiri habari ya Nabothi, yule aliyeuawa ili mfalme achukue shamba lake la mizabibu, kwa sababu kulikuwa na mtu anakimega kile kiwanja cha shule na kila mtu alijua ni nani. Tulikaa benchi la tatu. Watoto wa Sande skuli walikuwa wamesimama mbele na taji zao za karatasi, wanangoja kuimba. Magari matatu yakaingia. Watoto wakaambiwa wakae. Mheshimiwa akaongea dakika arobaini, bahasha ya mabati ikapita mikononi mwa wazee, watu wakapiga vigelegele. Kisha mchungaji akapanda, akafungua Biblia yake, akapekua, akapekua tena, akasoma Warumi 13, utii kwa wenye mamlaka. Nilikutazama. Hukufungua Warumi. Uliifunga Biblia yako huku kidole kikiwa bado ndani, pale pale kwenye 1 Wafalme 21, na ukakaa hivyo mpaka baraka ya mwisho. Watoto hawakuimba.

Tukirudi nyumbani ulinyamaza njia nzima, halafu ukasema tu, "Mabati yenyewe ni geji thelathini na mbili. Karatasi."

Desemba nitakuja, Mungu akipenda. Nitakuletea halua na zile tende unazosema hazina mfano. Ila siku mchungaji atakapoamua kuihubiri ile ya Nabothi, nitumie ujumbe, hata wa sekunde mbili. Sitangoja Desemba, nitapanda basi la usiku.

Mwanao wa Mombasa