Spika kongwe tusiziuze kwa kilo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba juu ya spika za mbao za miaka ya 1970, ambazo sasa naziona zikivunjwa ili sumaku zake ziuzwe pamoja na vyuma chakavu.

Zangu nimezirithi kwa marehemu baba, hapa Wete. Nilipozitoa stoo zilikuwa zikikwaruza, na fundi niliyempelekea akanambia zimekufa. Nilizirudisha nyumbani kwa majonzi, nikazifungua mwenyewe, nikakuta koni ya karatasi inayotikisika kutoa sauti ni nzima, sumaku ni nzima, na koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, haijaungua, kwani mita ya umeme ilionesha ukinzani wa karibu omu 6, kipimo cha kawaida kwa spika iliyoandikwa omu 8. Kilichooza ni ule mviringo wa sponji unaoishikilia koni kwenye fremu yake, basi. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata kama spika haipigwi, na baada ya miaka 20 hivi humung'unyika mkononi kama mkate mkavu. Kwa hewa yetu ya bahari, hilo si la kushangaza.

Kuubadilisha mviringo huo kunataka subira kuliko utaalamu. Koili hucheza ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku, kwa hiyo koni ikigandishwa imekaa upande hata kidogo, koili itasugua chuma na kazi yote itakuwa bure. Nilikwangua sponji ya zamani, nikafuta gundi kwa spiriti, nikabandua kifuniko kidogo cha katikati na kuchomeka vipande vya karatasi ngumu kuizunguka koili ili isiyumbe, ndipo nikapaka gundi mpya na kuiacha siku nzima. Nilipozitoa karatasi na kuisukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, ilishuka na kupanda kimya.

Wapo wanaobandika mpira wa tyubu ya baiskeli mahali pa sponji. Nawasihi waache, kwa sababu mpira mzito huizuia koni kucheza na besi hupotea. Kapasita kongwe zilizomo ndani ya kasha, vile vifaa vidogo vya umeme vinavyogawa sauti nyembamba na nene, nazo hukauka, na inafaa zibadilishwe kwa zenye kipimo kile kile, zisizo na upande wa chanya na hasi.

Usiku ule niliweka kanda ya taarab, nikaisikia fidla mahali pake na ganuni mahali pake, na chini yao besi niliyokuwa nimeisahau tangu utotoni. Visiwa hivi vina vikundi vya taarab vya Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958; muziki kama huo tunausikiliza leo kwenye vispika vya simu, ambavyo haviwezi kuitoa besi hiyo kabisa.

Nawaomba wafanyabiashara wa vifaa vya umeme waagize miviringo ya sponji ya inchi 8, 10 na 12, na vituo vyetu vya mafunzo ya amali viwafundishe vijana kazi hii. Na aliyekwisha kuamua kuziuza zake, kwanza atoe kitambaa cha mbele na kuitazama sponji.

Wako mtiifu,
Msomaji, Wete, Pemba