Mashindano ya sayansi ya ubongo yaanzie shule zetu za kata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo nimelisikia likizungumzwa na walimu wenzangu wa masomo ya sayansi, nalo ni wazo la kuwashirikisha wanafunzi wa sekondari katika mashindano ya elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mashindano hayo, yanayojulikana kwa jina la Brain Bee, yalianzishwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na Profesa Norbert Myslinski wa Chuo Kikuu cha Maryland, na sasa yameenea katika makumi ya nchi. Kijana hushindana kwanza katika mji au mkoa wake, akishinda huingia ngazi ya taifa, na bingwa wa taifa hukutana na wenzake wa mataifa mengine.

Wazo hilo naliunga mkono, ila kwa sharti moja. Tukisubiri lishuke kutoka juu, zitachaguliwa shule chache za Dar es Salaam zenye maabara na intaneti, vijana wake watakaririshwa majina ya sehemu za ubongo, mmoja wao atapanda ndege, na huku kwetu tutaona picha tu. Ningependa Mtwara na Lindi zianzishe mashindano yao wenyewe, yaanzie shule za kata, na maswali yake yatokane na magonjwa ya ubongo na neva ambayo watoto wetu wanayaona nyumbani.

Fainali za kimataifa huwa na sehemu kadhaa. Kuna mtihani wa kuandika, kuna kutambua sehemu za ubongo halisi wa binadamu, kuna kuchunguza tishu kwa hadubini, na kuna sehemu ambayo waigizaji hujifanya wagonjwa na mshindani hutakiwa kuwahoji na kutaja ugonjwa. Ningeambiwa nichukue sehemu moja tu, ningechukua hiyo ya mwisho. Haihitaji mashine yoyote, na haipitiki kwa kukariri.

Nitoe mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipatwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla, hasa kwa watoto na kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ugonjwa huo huo ulikwisha kuwapata watu zaidi ya 1,000 mwaka 1981, wakati wa ukame. Chanzo chake ni sumu ya sainaidi iliyomo katika muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, ikikutana na chakula kilichopungukiwa protini. Mwili huiondoa sainaidi kwa kutumia salfa inayopatikana katika protini, kwa hiyo mtu anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku bila samaki wala kunde hana cha kujikingia. Sumu hiyo huharibu seli za neva zinazoteremsha amri ya mwendo kutoka kwenye ubongo, na madhara yake hayaondoki maisha yote, ingawa hayaongezeki.

Sasa mwanafunzi apewe swali hili: mtoto wa miaka minane aliyekuwa akicheza vizuri ameamka miguu haimudu kutembea, je, ni konzo au ni polio? Anayejua namna amri ya mwendo inavyosafiri ataomba kinyundo cha mpira agonge chini ya goti. Katika konzo mguu utaruka kwa nguvu kupita kawaida, na misuli yake ni migumu, kwa sababu neva za juu ndizo zilizoumia na zile zinazotoka katika uti wa mgongo ni nzima. Katika polio mguu ni mlegevu na goti haliitiki, kwa kuwa seli za uti wa mgongo zenyewe zimekufa, na mara nyingi mguu mmoja huathirika kuliko mwingine. Atauliza pia nyumbani kumeliwa nini kwa wiki kadhaa, na kama kuna jirani aliyepatwa na hali hiyo. Kwa maswali hayo atakuwa amepitia sehemu kubwa ya mada ya uratibu ambayo kwa miaka mingi tumeifundisha Kidato cha Tatu kwa mchoro wa ubaoni, wanafunzi wakiunakili bila kuona unahusu nini.

Swali hilo lina mkia wake. Huku uwanda wa Makonde maji yamekuwa adha tangu enzi za wazee wetu, na kuloweka muhogo kwa siku kadhaa si jambo la kumwamuru mama anayenunua maji kwa ndoo; ndiyo maana watu hukausha makopa juani, njia ambayo huacha sumu nyingi zaidi kuliko kuloweka. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alionyesha njia inayotumia maji kidogo: unga huloweshwa, hutandazwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au 5 kivulini, sainaidi ikapotea hewani, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Kijana wa Newala au Tandahimba anayeweza kueleza kwa nini njia hiyo inafanya kazi anastahili medali, hata kama hajawahi kuuona ubongo wa binadamu.

Zaidi ya konzo tunayo degedege, ambayo bado wako wanaoiona kazi ya shetani na kumpeleka mtoto kwa mganga kabla ya zahanati, ilhali malaria inayopanda kichwani haisubiri, na mtoto anayenusurika anaweza kubaki na kifafa. Tunacho kifafa chenyewe, ambacho watu wengi humkimbia aliyeanguka wakiogopa povu lake, au humtia kijiko kinywani. Mwanafunzi aliyeshindana kujibu kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba aliyeanguka alazwe kwa ubavu na asitiwe kitu mdomoni, atayasema hayo nyumbani bila kutumwa na mtu.

Najua nitaambiwa vifaa havipo. Ubongo wa binadamu kweli hatuna, na hatuuhitaji kwa ngazi ya mkoa. Ubongo wa mbuzi au ng'ombe kutoka machinjioni una sehemu kuu zote ambazo mwanafunzi wa sekondari anapaswa kuzitambua, na ukihifadhiwa kwa fomalini unatumika na shule nyingi kwa zamu. Waigizaji wa kujifanya wagonjwa wanaweza kutoka katika vyuo vya afya vilivyo Mtwara na Ndanda. Kuhusu gharama, sitaki kusikia sana kilio hicho, kwa kuwa UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, hupanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, na Mtwara yenyewe ilipokea mashindano ya taifa mwaka 2019. Wanaosafirishwa kwa mpira wa miguu na wavu wanaweza kusafiri pamoja na wenzao wawili wa Baiolojia katika basi lile lile.

Lugha nayo itazamwe. Ngazi ya kimataifa hutumia Kiingereza, na bingwa wetu atalazimika kujiandaa kwa hilo; lakini katika wilaya na mkoa mshindani aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili, hasa anapomhoji mgonjwa, kwani hakuna mgonjwa wa Kilwa wala wa Nanyumbu atakayeeleza maumivu yake kwa Kiingereza. Wazazi nao wakaribishwe kusikiliza.

Maafisa Elimu wa mikoa hii miwili wanaweza kuanza na wilaya chache zilizo tayari, mwaka huu huu, kwa mtihani mfupi wa kuandika na meza moja ya mgonjwa. Sisi walimu wastaafu tuliosambaa Newala, Masasi na Nachingwea hatuombi posho ya kutunga maswali wala ya kusahihisha. Tunachoomba ni barua ya kuturuhusu kuingia shuleni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Newala, Mtwara.