Injini inalia, boti haiendi

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba radhi, kwa maana barua yako ya mwisho imekaa mezani pangu miezi minne bila jibu. Natumaini wewe na jamaa zako mu wazima. Mimi ni mzima. Asiye mzima ni boti.

Boti ile ile ya jeti, isukumwayo na pampu inayofyonza maji chini yake na kuyatupa nyuma, iliyokuwa ikikubwaga kitini kila nilipovuta mafuta bila kukuonya, siku hizi inainuka kama mzee anayetoka mkekani. Pua inapanda, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unaruka juu, nayo boti inajikokota nyuma ya kelele zake yenyewe. Zamani ilihitaji sekunde 5 kupanda juu ya maji na kuanza kuteleza. Juzi nilihesabu mpaka 14.

Fundi aliyeitazama kwanza alisema bila kusita kwamba injini imechoka, akaniandikia orodha ndefu ya vipuri. Nami kwa haraka zangu nikabadilisha plagi na filta ya mafuta, na kilichobadilika ni uzito wa mfuko wangu tu. Ndipo nilipojiuliza swali ambalo wewe ungeliuliza tangu mwanzo: injini iliyochoka inawezaje kufikia mizunguko mingi upesi kuliko ilipokuwa na afya? Ingekuwa haina nguvu, au kompyuta yake ingekuwa imeibana kwa sababu ya joto, mshale usingepanda. Mshale ukipanda na boti isisogee, nguvu inapotea kati ya injini na maji, kama gari ambalo klachi yake inateleza. Ugonjwa, basi, ulikuwa kwenye pampu.

Nikaipandisha kwenye trela, nikachomoa ufunguo na ile kamba ya kuzimia injini (vidole vyangu bado navihitaji), nikalala chali na tochi. Nyuma ya wavu wa kuingizia maji nilikuta kamba ya nailoni na mwani vimejisokota kwenye mhimili unaoizungusha pampu, vimekaza kama fundo la meli. Nilimaliza saa nzima nikikata. Tuliporudi majini, sekunde 14 zikawa 9.

Kinachoniumiza kichwa ni hizo zilizobaki. Nafasi kati ya ncha za impela, yaani feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji, na ringi inayoizunguka inapaswa kuwa sehemu ndogo tu ya milimita. Yangu, upande wa chini, inapitisha kipimo cha milimita 1 bila kugusa popote. Maji yanayopaswa kusukumwa nyuma yanarudi mbele kwa upenyo huo, na shinikizo likishuka mno penye kingo za impela, maji huchemka bila moto, yakatoa viputo vya mvuke, impela ikawa inazunguka ndani ya viputo. Ndiyo maana taabu yote iko wakati wa kuondoka, boti ikiwa bado haijapata mwendo wa kuyashindilia maji kwenye pampu. Ikishashika kasi, inajitahidi.

Mikwaruzo ya ringi naijua ilikotoka. Unaikumbuka siku tuliyomkwamua Hamisi, changarawe zikigonga ndani kama mvua juu ya bati? Nilijitetea kwamba boti za namna hii William Hamilton aliziendeleza kule New Zealand miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye kina kifupi. Ni kweli, lakini kupita juu ya changarawe kwa kasi ni jambo moja, na kuvuta mafuta ukiwa umesimama juu yake ni jambo jingine. Hamisi hupenda kusema nilimwokoa bure. Gharama yake imechorwa kwenye ringi hii.

Tena, kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, nilikuta maji kiasi cha lita 60, yaani kilo 60 nilizokuwa nikizibeba nyuma bila kujua. Jambo hilo limenitia shaka nyingine: kama sili ya mhimili, ile inayozuia maji yasiingie ndani, inavuja maji boti ikiwa imetulia, huenda pampu inafyonza hewa papo hapo inapofanya kazi, na hewa nayo huleta udhaifu ule ule. Nikibadilisha ringi peke yake nikaiacha sili, naweza kurudi majini nikahesabu 9 tena.

Sasa niambie: niweke ringi mpya na kunyoosha kingo za impela kwa tupa, au nibadilishe vyote kwa mkupuo? Wewe ulipofungua ya kwako, ulipaka silikoni upya kati ya pampu na tumbo la boti, au uliiacha ya zamani? Ile seti yako ya vipimo vya mabamba membamba unayo bado, au Hamisi ameshaipoteza? Na je, unaweza kuja kabla sijaishusha pampu, maana mikono yangu miwili haitoshi na fundi yule simwiti tena?

Wako,
Salimu