Kabla ya kumuuzia mama mchanga krimu ya uso

Mhariri,

Mama anayenyonyesha akifika kwenye duka la dawa akilalamika kwamba mashavu yanamchoma na kutoa vipele, si ajabu auziwe ile krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, zote katika tyubu moja. Uso hutulia kwa siku chache. Kama tatizo ni rosasia, nafuu hiyo ni ya mkopo, na riba yake ni kubwa.

Rosasia ni ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu unaokaa katikati ya uso: mashavu, pua, kidevu na paji. Unaweza kujitokeza au kuzidi baada ya kujifungua, wakati homoni zimeshuka ghafla na usingizi ni wa kuvizia. Hauambukizi wala haumfikii mtoto kupitia maziwa. Maelezo mengi huutambulisha kwa wekundu, na hapo ndipo wengi wetu hupotezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Uso huonekana tu umekolea weusi au hudhurungi. Afadhali kuuliza mama anahisi nini. Je, joto humpanda usoni ghafla? Hata losheni ya kawaida humchoma? Vipele ni vidogo, na havina vile vichwa vyeusi vya chunusi? Mabaka ya kahawia yasiyochoma wala kuwa na vipele huenda ni melasma. Lakini upele ukifunika mashavu na kuruka mikunjo ya kando ya pua, na mama ana maumivu ya viungo, vidonda mdomoni au nywele zinazong'oka, apimwe damu na mkojo. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, pia huweza kuchachamaa baada ya uzazi, na hiyo si ya kupaka krimu ukangoja.

Nirudi kwenye steroidi. Hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana joto hupungua upesi. Ikipakwa usoni kwa wiki nyingi, ngozi hukonda, mishipa hutanuka, na vipele hufumuka kila mama anapojaribu kuacha. Yeye huona huo kuwa ushahidi kwamba krimu ilimfaa, akanunua tyubu ya pili. Aliyeipaka siku chache anaweza kuacha mara moja. Aliyeipaka kwa wiki au miezi aambiwe mapema kwamba uso utachafuka kwanza, pengine kwa wiki kadhaa. Daktari anaweza kumteremsha hadi haidrokotisoni ya 1%, steroidi hafifu, kwa muda mfupi huku dawa ya rosasia ikianza. Anayerudi kwenye tyubu ile mara nyingi si mkaidi, hakuna aliyemwonya. Krimu za kung'arisha ngozi zisizo na orodha ya viambato zitiliwe shaka hiyohiyo, kwa kuwa baadhi huficha steroidi au zebaki.

Dawa zinazomfaa anayenyonyesha zipo. Metronidazoli ya kupaka ya 0.75% hutumika asubuhi na jioni. Kiasi cha punje ya njegere chatosha uso mzima. Osha uso kwa maji ya vuguvugu na kisafishaji kisicho na manukato, kausha kwa kugusisha taulo, subiri dakika 15, ndipo upake, maana ngozi yenye unyevu huchomwa zaidi. Usiponde vidonge vya metronidazoli ukachanganya na mafuta ya mgando: dawa haisambai sawasawa na chenga hukwaruza. Asidi ya azelaiki ya 15% au 20% husaidia pia kufuta madoa meusi yanayobaki. Huwasha mwanzoni, basi anza usiku mmoja na kuruka mmoja. Zote mbili huingia damuni kidogo sana. Paka baada ya kunyonyesha, nawa mikono, na usiache shavu la mtoto lisugue dawa. Matokeo kamili hudai wiki 8 hadi 12. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu.

Ivamektini ya 1% ya uso nayo ipo, kwa ushauri wa daktari. Ile ya agroveti ni ya ng'ombe. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, isinunuliwe kiholela wakati wa kunyonyesha, na isotretinoini, dawa kali ya chunusi ya kumeza, isiguswe kabisa: hudhuru mimba, na mama anaweza kushika mimba hata kabla hedhi haijarudi.

Jua la huku halina simile. Ikweta inapita Maseno, karibu na Kisumu, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ni mikali hata kukiwa na baridi. Tumia kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi yenye oksidi ya zinki, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa nje. Ya rangi ya ngozi ni bora, kwani haiachi uso kama uliopakwa unga. Anayeuza katika soko la Kibuye mchana kutwa avae na kofia pana.

Sina ugomvi na mashangazi wanaomkanda mama kwa maji ya moto. Mvuke tu usipigwe usoni. Uji wa wimbi na chai ya tangawizi vipoe kidogo kabla ya kunywewa, na anayepika asiinamie jiko. Limau, dawa ya meno na sabuni ya kufulia visikaribie ngozi hiyo.

Macho yakihisi mchanga au chokea zikirudiarudia, huenda rosasia imefika huko. Maumivu, ukungu au kuogopa mwanga ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Ombi langu ni kwa wauguzi wa kliniki za watoto. Mama huja kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ratiba hiyo inaendana vizuri na muda wa kufuatilia matibabu haya. Mtoto akishapimwa uzito, mama aulizwe anapaka nini usoni, na aje na tyubu yenyewe, kwa maana jina la kiambato huwa limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Mfamasia,
Kisumu