Mzee asije Delhi mwezi huu

Da Zuhura, shikamoo. Najua utasema nimekaa kimya wiki mbili halafu naibuka na barua ndefu, nisamehe dada, haya sikutaka kuyaongea kwenye simu maana mzee anakaa hapo hapo pembeni yako na wewe huishi kuweka spika.

Zile tiketi za tarehe 14 msilipie kwanza.

Hewa ya huku saa hizi we acha tu. Diwali, sikukuu ya Wahindu, imepita juzi, fataki usiku kucha, asubuhi yake jua unaliangalia hivi hivi kwa macho wala halikuumizi. Na hapo bado. Novemba 2024 nilikuwa ndo mgeni, tarehe 18 kipimo cha serikali cha uchafu wa hewa kikafika 494 na chenyewe mwisho wake 500, shule zikafungwa watoto wakasomea kwenye simu. Sisi tuliendelea kwenda chuo na barakoa, ukirudi ukipenga kamasi linatoka jeusi kama umeshinda tanuru la mkaa. Mimi na mwenzangu wa chumbani tukachanga tukanunua kimashine cha kusafisha hewa, cha mtumba, tukaweka chujio jipya jeupe pee, baada ya wiki tatu nalifungua, nikaogopa, rangi ya chini ya sufuria. Nikajisemea basi lililonasa ndo hili, je nililovuta mimi?

Shida siyo moshi unaouona. Kuna vumbi wanaliita PM2.5, dogo mno, unywele mmoja unalizidi unene kama mara 30, hilo pua haiwezi kulizuia, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na lingine linapenya kwenye damu. Ndo maana watu wanadhani ni kikohozi tu kumbe ni moyo, ni kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema kwa siku isizidi maikrogramu 15 kwenye mita moja ya ujazo, huku siku mbaya inapita 300. Sasa mzee anakuja kutibiwa moyo, unamleta humo?

Ukiuliza nani mkosa unachoka. Wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya kaskazini huku, wakishavuna mpunga wanachoma mabua wawahi kupanda ngano, hapo weka malori, vumbi la ujenzi, makaa ya mawe, halafu baridi inaingia na upepo hakuna, moshi wote unabaki chini kama umefunikwa na mfuniko. Hata mlinzi wetu hapa getini usiku anachoma majani na maplastiki aote moto, moshi unapanda moja kwa moja dirishani kwangu, mwanzoni nilitaka kumgombeza, nikashuka nikamkuta ana kikoti chepesi tu na anakohoa kuliko mimi. Nikarudi juu nikaziba dirisha kwa taulo.

Kwa hiyo dada, muulize daktari wake huko kama anaweza kusubiri mpaka Machi, hewa huwa afadhali. Akisema hasubiri basi asisubiri, ila mpelekeni Chennai, kule kusini mwa India, iko pwani, upepo wa bahari upo, na Watanzania wengi tu wanatibiwa kule. Mimi nitapanda treni nimfuate, ni zaidi ya siku nzima lakini nitafika.

Halafu usinune, hilo banda lako la maandazi, moshi wa kuni una vumbi lile lile. Na mzee kila asubuhi anaenda kukaa humo na kikombe chake cha kahawa. Mhamishie barazani, mwambie wateja wamejaa, tunga lolote.

Akiuliza kwa nini safari imeahirishwa mwambie mimi ndo nimekataa, agombane na mimi. Mkitoka kliniki nipigie, ila toa spika.

Mdogo wako,
Idi