Alama ya umri haimwambii mzazi kila kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Tanga kuhusu vichekesho vya shule, yaani zile filamu za wanafunzi wa sekondari wa Marekani ambazo likizo ikifika vijana wetu wa Ngamiani na Chumbageni huzijaza kwenye flashi na kuzitazama hadi usiku wa manane.

Wengi wetu tukiona PG-13 huridhika kwamba mtoto wa miaka 13 amesharuhusiwa. Sivyo. Alama hiyo, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1984, ni tahadhari tu: humwambia mzazi kwamba yamo mambo ambayo huenda yasiwafae walio chini ya umri huo, kisha humwachia yeye uamuzi. Uingereza nao wana 12A, ambayo kwenye majumba ya sinema humruhusu hata mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia, mradi ameongozana na mtu mzima. Hapa kwetu ipo Bodi ya Filamu, lakini filamu inayohamishwa kutoka simu hadi simu haina kasha wala alama ya mtu yeyote.

Hata alama ikiwepo, matusi, damu na uchi ni rahisi kuhesabu. Dhihaka si rahisi, na kichekesho cha shule huishi kwa dhihaka. Mwezi uliopita nilikaa mkekani na binti zangu wawili, mmoja wa kidato cha pili na mwingine wa darasa la tano, tukatazama kimoja ambacho hakikuwa na uchi wala tusi zito. Msichana mnene alimwagiwa trei ya chakula bwaloni, na bwalo zima likaangua kicheko. Mkubwa wangu naye alicheka. Mdogo, ambaye shuleni kwao amebandikwa jina la utani asilolipenda, aliacha kutafuna bisi, akaivuta kanga ya mama yake hadi kidevuni, akaniuliza, "Baba, kwani mwalimu wao yuko wapi?" Nikakosa la kumjibu. Baadaye wale wadhihaki waliumbuka, kama ilivyo kawaida ya filamu hizi, lakini ilikuwa dakika kumi za mwisho, na yeye alikuwa ameshalala.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuwaruhusu watoto, hujiuliza anayechekwa anachekwa kwa alilolitenda au kwa jinsi alivyoumbwa. Siishii kwenye mwanzo wa filamu. Huisogeza hadi katikati, kwani huko ndiko mara nyingi liliko lile sherehe la nyumbani wazazi wakiwa safarini, na bia mezani. Vijana wetu hudhani huko ni ruksa, ilhali sheria ya Marekani hairuhusu kuuziwa pombe kabla ya miaka 21. Niliwaeleza hivyo wanangu, na mkubwa alishangaa kweli.

Tusisahau pia filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Watafsiri wetu ni mafundi wa maneno, na mimi binafsi huwafurahia kuliko waigizaji wenyewe, lakini huongeza mizaha yao ambayo haikuwemo, hivyo alama ya filamu ya awali haiwezi kuwadhamini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni safu ndogo kila likizo itakayotaja filamu chache na kueleza waziwazi yaliyomo: kama kuna kubusiana, kama kuna ulevi, nani anachekwa na kwa nini. Isituamulie kwamba hii inafaa na ile haifai, kwa kuwa mwenye mtoto wa darasa la tano na mwenye kijana wa kidato cha nne hawawezi kupewa jibu moja.

Wako,
Mzazi, Chumbageni, Tanga